Raunda na Rede Katika Nchi ya Mpakani Tunduma

Mpaka upitao Tunduma asili yake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, nayo yaliwagawanya Wanyamwanga, hawa wakabaki upande huu na wenzao upande wa pili. Kaskazini ya mpaka Wamoravian wa Kijerumani walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Kusini, huko Mwenzo, Waskoti walikuwa wamekwisha kutangulia. Mataifa yote mawili yalikuwa na mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hata kituo. Mjerumani GutsMuths aliueleza ule wa kwao katika kitabu cha mwaka 1796, na humo humo akaueleza wa Kiingereza. Jina la raunda lilichapwa pamoja na sheria zake huko London mwaka 1828.

Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba rede, mchezo wa mpira wa wasichana wa Tanzania, ni mtoto wa raunda. Jina lenyewe lafanana na neno la Kiingereza lenye maana ya "tayari". Walakini dhana hiyo yafaa ipimwe kwanza, maana wasichana hawakuandikiwa historia ya michezo yao, na kilicho chao chaweza kupewa mwenyewe mwingine kwa sababu ya neno moja tu.

Tazama vyombo. Raunda ya sasa yataka gongo la mviringo lisilozidi sentimita 46 kwa urefu, nguzo nne, na mpira wa ngozi wa gramu 70 hadi 85. Gongo na nguzo seremala yeyote wa Vwawa aweza kuzichonga. Mpira wa ngozi, la. Huo hununuliwa, na ukipotea majanini mchezo umekwisha. Nchini Kenya raunda ilipata mahali katika mashindano ya shule za msingi. Tanzania mahali hapo palishikwa na netiboli.

Rede haina gongo wala nguzo. Wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira, na aliye katikati huukwepa; pengine huwekwa chupa, naye hujitahidi kuijaza mchanga kabla hajapigwa. Wakenya huuita mchezo wa namna hii kati, na Waganda kwepena: majina mawili yasiyo na Uingereza ndani yake. Mpira ni wa soksi iliyoshindiliwa matambara.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika sheria za 1828 mkimbiaji wa raunda naye alitolewa kwa kupigwa mpira mwilini. Sheria hiyo yawezekana kwa mpira laini tu. Kwa mpira mgumu ingevunja meno. Raunda ya leo hugusa nguzo kwa mpira badala ya kumlenga mtu. Basi kinachofanana na rede ni raunda ya zamani, ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuiacha. Mfanano huo umezaliwa na ulaini wa mpira, si na ukoo, na neno la kuanzia mchezo laweza kuazimwa bila kuuazima mchezo.

Hata neno mpira lilikuwa jina la mmea utoao utomvu kabla ya kuwa jina la kitu cha kuchezea; tufe, neno la zamani zaidi, siku hizi husikika hasa katika michezo ya riadha, kwa kile chuma kinachotupwa.

Mifuko ya plastiki, iliyokuwa ikifungwa ndani ya mipira ya watoto kote nchini, ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na matambara yakarudia kazi yake ya kwanza. Chupa hazikuadimika: Tunduma, malori yangojapo zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, chupa tupu ya maji haitafutwi mbali.