Kutoka Mto Gura hadi Visiwa vya Lamu

Mji wa Othaya, ulioko kusini mwa Kaunti ya Nyeri kwenye miteremko ya mashariki ya Nyandarua, uko mamia ya kilomita kutoka baharini, lakini maji yake huishia huko: Gura, mto unaosifika kwa kasi yake, huingia katika Sagana, na Sagana ndio Tana ya juu, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, ambao husafiri takriban kilomita 1,000 kabla ya kufika Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Mbele ya Kipini, upande wa kaskazini-mashariki, viko visiwa vya Lamu, Manda na Pate, ambako wanaakiolojia, yaani wachunguzi wa maisha ya kale kwa njia ya kufukua mabaki, wamefanya kazi kwa miongo mingi.

Wageni wa karne ya 19 waliutazama mto huu kama barabara ya kuingilia bara. Ndugu wa Denhardt, Wajerumani, waliupanda mwaka 1878, na mwaka 1891 meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia, chini ya nahodha Dundas, ilisukumwa hadi karibu na maporomoko, kisha wasafiri wakaendelea kwa miguu kuelekea miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Barabara yenyewe haikufaa kitu, kwa kuwa mchanga, mizunguko na maporomoko viliwachosha mabaharia kabla hawajafika penye biashara.

Utafiti wa kisayansi ulianzia mwisho wa mto. James Kirkman alichimbua magofu ya Ungwana katika miaka ya 1950, Neville Chittick akafuata Manda kati ya 1966 na 1978, na kuanzia 1980 Mark Horton akafanya kazi Shanga, mji wa Kisiwa cha Pate ulioanza katika karne ya 8 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wake wa Ijumaa zilikutwa alama za misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ushahidi kwamba Uislamu ulikuwa umekaa hapo kabla ya majumba ya mawe. Msimu wa kazi wa wachimbuzi waliotoka Uingereza ulielekea kufuata kalenda za vyuo vya huko, ambavyo hufungwa katikati ya mwaka, na kwa bahati wakati huo masika yamekwisha, ingawa kusi, upepo utokao kusini, huchafua bahari ya nje. Huko Othaya miezi hiyo ni ya baridi na ukungu, ambayo Wakikuyu huiita gathano, na majani ya chai hukua polepole.

Kwa sababu ya kusi, matembezi ya wachimbuzi katika siku za mapumziko yalifaa zaidi katika maji tulivu ya mikono ya bahari iliyo nyuma ya visiwa, na pengine matembezi hayo hayakupewa uzito unaostahili. Takwa, mji uliohamwa wa Kisiwa cha Manda, hufikiwa kwa mashua kupitia mikoko pale maji yanapojaa, na wenyeji wa kijiji cha Shela, kwenye Kisiwa cha Lamu, bado huenda kuzuru kaburi lake lenye mnara na kuomba mvua. Hapo mtafiti huona kwamba gofu laweza kuwa na wenyewe. Siyu, mwendo wa miguu kutoka Shanga, ina ngome ya karne ya 19 na watu wanaoishi katika nyumba za mawe. Vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa kuwa dari hubebwa na boriti, miti ya mikoko ambayo urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba, na anayelala chini ya dari kama hiyo Siyu au Lamu huusoma msingi wa Shanga kwa haraka kuliko aliyebaki shimoni.

Mbali na misingi, Shanga ilitoa pia vyungu: Horton aliuita mtindo wa vyungu vya tabaka zake za awali, vilivyochorwa pembetatu, kwa jina la mto Tana, huku Felix Chami wa Tanzania akipendelea jina linalotokana na mapambo yenyewe, kwa kuwa vyungu hivyo vimetapakaa mbali sana kusini mwa Lamu. Swali la jinsi bara na pwani zilivyohusiana lilipata mtafiti wake, George Abungu, ambaye tasnifu yake ya Cambridge ilichunguza uhusiano wa delta na bonde la mto kati ya mwaka 700 na 1890. Juu zaidi, katika Nyeri yenyewe, Ari Siiriäinen wa Finland alichapisha mwaka 1971 ripoti ya Gatung'ang'a, makazi ya Zama za Chuma yenye vyungu vya mtindo wa mahali hapo. Kwa hiyo maji ni yale yale, lakini vyungu vya Gatung'ang'a si vya Shanga, na mwanafunzi wa Othaya anayetaka kujua watu wa mto huu walivyojuana atalazimika kuanzia katikati ya bonde, ambako wachimbuzi waliopita ni wachache kuliko wale wa visiwani.