Siku saba kutoka Nyaishozi hadi kisiwa cha Rubondo

Anayeanzia Nyaishozi, wilayani Karagwe, aweza kuzuru hifadhi nne kwa wiki moja. Siku mbili za kwanza ni za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, iliyo mpakani mwa Uganda na Rwanda. Mbili zinazofuata ni za Burigi-Chato. Zote tatu zilitangazwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019.

Siku ya tano, boti huvusha wageni kutoka Kasenda, karibu na Muganza wilayani Chato, hadi Rubondo, hifadhi tangu 1977. Humo wamo nzohe, pamoja na sokwe ambao wahenga wao 17 waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969.

Siku ya saba iachwe kuwa ya akiba, kwani ziwa likichafuka hakuna kuvuka.