Ukanda Mkavu wa Kisawasawa: Wageni na Wenyeji katika Safari za Bonde la Kilombero

Kisawasawa ipo kwenye njia itokayo Kidatu kwenda Ifakara, pale ambapo miteremko ya mashariki ya Milima ya Udzungwa inakutana na tambarare ya Mto Kilombero, na mahali ilipo panaeleza sehemu kubwa ya historia ya safari katika bonde hilo. Upande mmoja kuna msitu unaopanda ghafla hadi kwenye ukungu, na upande wa pili kuna mbuga, yaani tambarare ya majani ambayo maji huitawala kila masika. Kati ya msitu na maji umebaki ukanda mwembamba wa ardhi kavu, na ukanda huo ndio uliokuja kubeba barabara ya magari na reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia.

Wageni walioandika juu ya bonde hili waliliita nchi ya mbali, ingawa umbali wake ulipimwa kwa miezi zaidi kuliko kwa maili. Tambarare hiyo ina urefu wa takriban kilomita 260 na upana unaofikia kilomita 50 hivi. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa yake hupitika kwa miguu, lakini mvua zikishika, mahali palipokuwa na njia huwa pa mtumbwi. Kwa Wandamba, ambao ni wavuvi na wawindaji wa mito hiyo, badiliko hilo halikuwa kikwazo, kwa kuwa maisha yao yalipangwa kulifuata: mtumbwi wa gogo moja ulisukumwa kwa pondo, yaani mti mrefu unaokita chini penye maji haba, na kwa kafi penye kina, na mwenye shamba la mpunga aliishi katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini yake. Mgeni aliyefika bila kujua kalenda hiyo alikuwa amekwama kabla hajaanza.

Kwa sababu hiyo safari mashuhuri ya kwanza ya Mzungu kupita upande huu inafaa kusomwa kwa jicho jingine. Mwaka 1878 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kati ya Dar es Salaam na Ziwa Nyasa. Johnston alifariki njiani, huko Behobeho, mwezi wa Juni 1879, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 21 ambaye hakuwa amewahi kuongoza msafara. Thomson aliendelea kupitia nchi ya Mahenge na bonde la Ulanga, jina ambalo waandishi wa wakati huo walilitumia kwa Mto Kilombero, akapanda Uhehe na kufika Nyasa. Sifa aliyoipata aliistahili. Hata hivyo, mkuu wa wapagazi wake, yaani wabeba mizigo wa msafara, alikuwa Chuma, Myao aliyeubeba, pamoja na Susi na wenzao, mwili wa mpelelezi David Livingstone hadi pwani na kuufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Katika bara la Afrika Mashariki la siku hizo ni wachache waliojua kuliko Chuma jinsi ya kuomba njia, kulipa hongo, yaani ada aliyotozwa mpitaji na mwenye nchi, na kuwatuliza watu wenye njaa. Kuiita safari ile ya Thomson peke yake ni kosa la historia, na kosa hilo limerudiwa mara nyingi mno.

Miaka michache baadaye alifika Joachim von Pfeil, mmoja wa wenzake Carl Peters, mwasisi wa ukoloni wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, na tangu hapo ikawa vigumu kumtenganisha msafiri na mtawala. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, ambavyo katika mwezi wa Agosti 1905 vilifika hadi kwenye boma lao la Mahenge, vilifuatwa na njaa, na njia nyingi zilizokuwa na biashara zikabaki kimya.

Wakati wa Waingereza kilitokea kitabu kinachostahili heshima ya pekee. A. T. Culwick, ofisa wa serikali, na mkewe G. M. Culwick walichapisha mwaka 1935 utafiti wao juu ya Wabena wa mitoni, na ndani yake mna sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga. Mtema ni cheo cha mtawala wa Wabena. Kwa mara hiyo moja mwenyeji hakubaki kuwa mtu wa kuulizwa tu, kwani alishika kalamu na jina lake likachapishwa.

Reli ilibadilisha mambo kwa namna ambayo vitabu havikuweza. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ilipita katika ukanda mkavu wa chini ya mlima, na Mang'ula, jirani ya Kisawasawa, ikawa kituo kikubwa cha kazi za ujenzi. Aliyetoka Dar es Salaam sasa aliweza kufika Ifakara bila kumwomba mtu yeyote mtumbwi wala chakula.

Lakini mlimani hakuna reli, na huko utaratibu wa zamani wa mgeni kumtegemea mwenyeji ulidumu. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia katika msitu wa juu ya Sanje mlio wa nyani wasiyemtambua. Msaidizi wao aliwaambia bila kusita kwamba huyo ni ng'olaga. Sayansi ikamwita mangabei wa Sanje na kumhesabu kuwa mnyama mpya, ilhali jina lake lilikuwa tayari midomoni mwa watu wa msitu ule. Ugunduzi huo ulisaidia kuutetea msitu, na mwaka 1992 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 na makao yake makuu Mang'ula.

Ndani ya hifadhi hiyo mgeni hutembea kwa miguu, iwe anakwenda kwenye maporomoko ya Sanje yenye kimo cha takriban mita 170 au kilele cha Mwanihana, naye hufuatana na mwongozaji. Wenyeji wa vijiji vya chini waliruhusiwa kwa miaka kadhaa kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu, hadi ruhusa hiyo ilipokoma mwaka 2011. Hoja ya kuulinda msitu ina uzito, kwa kuwa baadhi ya mito ya bonde huanzia humo. Lakini haki ingetaka kusemwa pia kwamba njia ambazo wageni hulipia leo zilikanyagwa kwanza na waliofuata asali, kuni na mizimu ya jadi.

Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, na kazi ya kivuko cha Ifakara ikaisha. Wazee waliovusha watu kwa kafi na pondo bado wapo, na kila mmoja anajua ni nani alimfundisha kusoma maji. Walimu wa shule za Ifakara na Kisawasawa, pamoja na wanafunzi wao, wawaendee sasa na kuyaandika majina hayo.