Somo la Historia: Msikiti wa Kilwa na Kazi ya Mhandisi wa Majengo

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia, lakini pia ni la kazi.

Pengine unaye mtoto anayesema kuwa akikua atakuwa mhandisi wa majengo. Huenda ukadhani kazi hiyo ni kuchora nyumba za kupendeza. Sivyo. Mchoro wa sura ya nyumba ni kazi ya mtu mwingine. Mhandisi huuliza swali moja: uzito wa jengo hili unapita wapi kutoka juu mpaka ardhini, na je, kila kitu kilicho njiani kinauweza? Ili tulielewe swali hilo, na tuvuke maji kutoka Kilwa Masoko mpaka Kilwa Kisiwani. Huko uko Msikiti Mkuu, nao umewahi kuanguka.

Kwanza tazama vifaa vya waashi wa zamani. Kuta walizijenga kwa mawe ya matumbawe. Yale ya nchi kavu ni magumu na hayana umbo, hayo ni ya ukuta. Kwa miimo ya milango na mihrabu walikata tumbawe bichi kutoka baharini. Likiwa na maji huchongeka kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo kubwa la kuni. Dari walizibeba kwa boriti za mikoko, kisha wakasakifu juu yake kwa mawe na chokaa. Ninyi wa Kilwa na Lindi hamhitaji kufundishwa boriti ni nini.

Basi, ukipima vyumba vya kale pwani yetu utaona jambo la ajabu. Vingine ni virefu sana, lakini upana wake aghalabu ni mita 2 na nusu, au hufika 3 hivi. Kwa nini? Boriti ndiyo iliyoamua. Chukua boriti mbili zenye unene mmoja, moja ya mita 2 na nusu, nyingine ya mita 5, na kila mita ibebe uzito ule ule. Ile ndefu ni mara 2 tu kwa urefu, lakini nguvu ya kuipinda ni mara 4, na kunepa kwake ni mara 16. Soma tena hesabu hiyo, maana ndani yake mna nusu ya elimu ya mhandisi. Waashi wa Kilwa hawakuiandika, lakini waliijua kwa macho yao. Boriti zetu zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko nako nyumba zilizoezekwa kwa boriti hizo zilikuwa na vyumba vyembamba.

Sasa tuje kwa Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye aliyekuwapo msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Biashara ya dhahabu ya Sofala ilikuwa imeitajirisha Kilwa, na Sultani alitaka majengo makubwa. Alijenga jumba la Husuni Kubwa kwenye jabali la bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Kwa dhahabu yake yote hakuweza kununua boriti ya kuvuka mita 5. Lakini kulikuwa na njia nyingine, nayo ni tao na kuba.

Msikiti Mkuu ulikuwa mdogo, nao ulianzishwa zamani, kama karne ya 11 au 12. Wakati wa al-Hasan ukaongezwa upande wa kusini, ukawa mkubwa mara kadhaa. Nguzo za nyongeza hiyo zilichongwa kwa tumbawe, kila moja kipande kimoja. Bila shaka zilipendeza sana. Lakini zilikuwa nyembamba, na juu yake ulikaa uzito wa mawe.

Jengo halikudumu. Tarehe ya zamani ya Kilwa inasema msikiti ulianguka, na watu wakasali chini ya mahema kwa miaka mingi. Ulijengwa upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, siku za Sultani Suleiman bin Muhammad. Safari hii waashi hawakutaka nguzo za kipande kimoja. Walijenga nguzo nene za pembe nane kwa mawe na chokaa, na juu yake wakaweka matao na kuba. Nyingi zimesimama mpaka leo.

Mbona unene? Simamisha makaratasi mawili magumu yaegemeane kama paa la kibanda, kisha bonyeza juu. Miguu inateleza nje. Kuba nayo hufanya hivyo hivyo: haishuki tu, inasukuma pembeni. Jiwe huvumilia sana kubanwa, lakini halivumilii kuvutwa wala kupindwa. Nguzo nyembamba ikisukumwa pembeni hupindika, kisha hukatika. Kwangu mimi, waashi waliorudi kujenga juu ya magofu ndio wakubwa zaidi kuliko wale wa kwanza, ingawa hatuyajui majina yao.

Siku hizi tuna zege na nondo, na nondo ndiyo inayovumilia kuvutwa. Lakini swali ni lile lile. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 30.

Kwa hiyo njia ya kazi hii ni ndefu. Mtoto ashike hisabati na fizikia mpaka kidato cha sita, kisha asome uhandisi miaka 4. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuufundisha mwaka 1973. Akihitimu hufanya kazi chini ya wakubwa wake kwa miaka kama 3 kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamwandika kuwa mhandisi kamili. Fundi naye anaweza kupanda kwa kupitia vyuo vya ufundi, ingawa atachelewa zaidi.

Kabla ya somo lijalo, pima upana wa chumba unacholala, ukuta hadi ukuta. Tazama juu ujue ni kitu gani kinachovuka upana huo, kisha uandike vipimo katika daftari lako.