Mukate wa Meza ya Landgrafi

Tukisoma Historia ya Eklezia katika inchi ya Ujerumani ya zamani, tunaona jambo moja mara kwa mara: watu wa ukoo mukubwa walikuwa pahali pote. Walishika upanga na inchi, walishika vilevile uaskofu na monasteri. Mwana mumoja alirizi ngome ya baba, mwingine alifanywa askofu, na binti aliwekwa kwa watawa, na kisha miaka mingi yeye mwenyewe akawa abesi. Tusifikiri ya kama walifanya hivi kwa tamaa tu. Wengi walikuwa na imani ya kweli. Walitoa mashamba, misitu na vijiji kwa monasteri, nao wamonaki waliwaombea wazima na wafu wao. Hivi ndivyo walivyofanya wakubwa wa Thuringia: katika mwaka wa 1085 jamaa yao ilianzisha monasteri ya Wabenedikto ya Reinhardsbrunn, ikazika wafu wake pale.

Lakini mali ile ilitoka wapi? Nani alilima mashamba yale, nani alilipa kodi? Mezani kwa wakubwa swali hili halikuulizwa sana. Leo tuangalie mwanamuke mumoja aliyeliuliza, naye alikuwa mwenyewe binti wa mufalme.

Elisabeth alizaliwa katika mwaka wa 1207. Baba yake alikuwa Andrea II, mufalme wa Hungaria, na mama yake Gertrud alitoka katika jamaa ya Andechs. Kwa kufahamu nguvu ya jamaa ile, tukumbuke ya kama Ekbert, ndugu ya Gertrud, alikuwa askofu wa Bamberg, na dada yake Mechthild alikuwa abesi wa Kitzingen. Siku zile ndoa za wakubwa zilikuwa mapatano ya inchi na inchi. Elisabeth alipokuwa na miaka 4 tu alipelekwa Thuringia, akalelewa pale katika jamaa ya bwana yake wa kesho. Katika mwaka wa 1221 aliolewa na Ludwig IV. Huyu alikuwa landgrafi, ndiyo kusema mukubwa wa jimbo nzima chini ya Kaisari. Ndoa ile iliyopangwa na wazee ikawa ndoa ya mapendo makubwa.

Mwaka ule ule wa 1221 Ndugu Wadogo wa Fransisko Mutakatifu waliingia Ujerumani. Hawakuomba mashamba wala vijiji. Walihubiri umasikini wa Kristu, na Elisabeth alisikia mahubiri yao.

Katika mwaka wa 1226 Elisabeth alimuahidi utii padri Konrad wa Marburg, muungamishi wake, na bwana yake alikubali. Konrad alimuamuru asile kitu chochote kilichopatikana kwa kuonea watu. Basi, kwa karamu Elisabeth aliketi karibu na bwana yake, akauliza watumishi: nyama hii imetoka wapi? Divai hii ni ya mashamba yetu wenyewe, ao wasimamizi waliinyanganya masikini? Ikiwa chakula kilikuwa cha haki na kinywaji hapana, alikula bila kunywa. Ikiwa vyote vilikuwa vya uonevu, alivunjavunja mukate mbele yake ili watu wazani ya kama anakula, na njaa ikamushika katikati ya sahani zilizojaa. Wanawake waliomutumikia walifanya kama yeye. Ludwig hakukasirika. Alisema ya kama angefuata njia ile yeye mwenyewe, kama hakuogopa maneno ya watu wa nyumba yake.

Tufahamu vizuri. Kufunga kwa Elisabeth hakukuwa kwa kutesa mwili tu. Kulikuwa hukumu juu ya kodi. Watu wa jumba walifahamu, ndiyo sababu walimuchukia.

Mwaka ule ule njaa kubwa iliingia Ujerumani. Ludwig alikuwa Italia kwa Kaisari Frederick II. Elisabeth alifungua gala za bwana yake, akagawa ngano, akajenga nyumba ya wagonjwa chini ya ngome ya Wartburg. Ludwig aliporudi, wasimamizi walimushitaki kwake, lakini yeye hakumuhukumu.

Katika mwezi wa Septemba 1227 Ludwig alikufa kwa homa kule Otranto, katika safari ya Vita vya Musalaba. Elisabeth alikuwa na miaka 20 na watoto 3. Wa tatu alikuwa amezaliwa siku chache baada ya kifo kile. Heinrich Raspe, shemeji yake, alishika utawala. Wenye kuchunguza historia hawapatani: wengine wanasema alifukuzwa Wartburg, wengine wanasema aliondoka mwenyewe kwa sababu alikatazwa kuishi kwa mali isiyokuwa na uonevu. Lakini usiku ule alikwenda kwa Ndugu Wadogo wa Eisenach, akawaomba waimbe Te Deum.

Jamaa ya mama yake ilimuchukua. Mujomba wake askofu alitaka kumuoza tena kwa mukubwa mwingine, Elisabeth alikataa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1228 aliweka mikono juu ya altari ya Ndugu Wadogo, akaacha jamaa, watoto na mapenzi yake mwenyewe. Alitaka kuacha na mali yote, lakini Konrad alimuzuia, maana kulikuwa madeni ya bwana yake ya kulipa na masikini wa kusaidia. Kwa mali ile alijenga hospitali kule Marburg, akavaa nguo ya rangi ya majivu, akaosha wagonjwa kwa mikono yake. Watumishi wake walikuwa wanawake masikini. Aliwakataza kumuita "bibi". Wamuite "wewe, Elisabeth" tu. Konrad alimutendea kwa ukali, hata kumupiga, na hatuwezi kuusifu ukali ule. Elisabeth alikufa katika mwezi wa Novemba 1231. Alikuwa na miaka 24.

Sasa tuone jambo la kushangaza. Wakubwa ambao hawakumupenda akiwa muzima walimutaka akiwa amekufa. Katika mwaka wa 1234 hospitali yake ilipewa Shirika la Teutonika, shirika la watawa wenye kushika silaha. Shemeji yake mwingine, Konrad wa Thuringia, ambaye katika mwaka wa 1232 aliteketeza muji wa Fritzlar, alifanya malipizi, akaingia Shirika lile, na katika mwaka wa 1239 akawa mukubwa wake. Papa Gregorio IX alimutangaza Elisabeth mutakatifu katika mwaka wa 1235. Mwaka uliofuata Kaisari mwenyewe alikuja Marburg, akaweka taji la zahabu juu ya kichwa cha yule aliyekataa mataji. Kanisa kubwa lilijengwa juu ya kaburi, na wakubwa wa Hesse wakazikwa pale. Katika mwaka wa 1539 Philipp wa Hesse, muzao wa Elisabeth mwenyewe, aliondoa mifupa yake kanisani.

Hatusemi ya kama heshima ile yote ilikuwa ya uongo. Wagonjwa waliendelea kutunzwa, na mutu kama yule shemeji aliweza kweli kugeuza moyo. Lakini ni rahisi kujenga kanisa juu ya kaburi la mutakatifu kuliko kuuliza swali lake mezani.

Ndugu wapenzi, sisi vilevile tunakula kwa mikono ya wengine. Kuku, unga na feza zinazofika nyumbani kwa padri zina wenyewe: mujane, mulimaji, mama wa sokoni. Wakubwa wa zamani walifikiri ya kama inatosha kumupa Mungu sehemu. Elisabeth aliuliza kwanza: imetoka kwa nani, na huyu aliyeitoa amekula leo?