Akwariamu kubwa nyumbani: pangeni tangi la chini kabla umeme haujakatika

Hapa Lubumbashi, mwenye kufuga samaki katika akwariamu kubwa anapambana na mambo mawili: uchafu wa samaki na delestaji. Kwa maji mengi, chujio linalofaa ni tangi la pili linalowekwa chini, ndani ya kabati la akwariamu. Mafundi wengi wanaliita dekante, wengine sampu.

Maji yanashuka yenyewe kwa tiyo, yanapita kwenye sponji inayokamata uchafu, kisha kwenye mawe mepesi yenye matundu. Humo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki na chakula kinachooza, kuwa nitriti, halafu nitrati isiyo na hatari sana. Mwishoni pompi inarudisha maji juu. Bakteria wanahitaji wiki 4 mpaka 6 ili waenee vizuri. Samaki waongezwe polepole.

Hesabu ya maji yanayorudi

Tuchukue akwariamu ya sentimita 250 kwa 80, yenye kimo cha 70. Inabeba lita 1,400, ni kusema kilo 1,400 za maji peke yake. Sakafu iwe imara na sawa. Tangi la chini ni la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, lita 300. Kila siku linafanya kazi na maji ya kimo cha sentimita 30. Nafasi inayobaki ni lita 120.

Umeme ukikatika, pompi inasimama na maji ya juu yanaendelea kushuka. Kila sentimita 1 ni lita 20. Zikishuka sentimita 3, ni lita 60: hakuna shida. Lakini kama mdomo wa tiyo ya kurudisha umezama sentimita 10, tiyo hiyo itafyonza maji mpaka mdomo upate hewa. Hizo ni lita 200, na 80 zitamwagika saluni, pengine usiku watu wamelala.

Dawa ni kuweka mdomo karibu na uso wa maji, ao kutoboa tundu dogo kwenye tiyo chini kidogo ya uso huo. Hewa ikiingia, mvuto unakatika. Tundu lisafishwe mara kwa mara. Kilango cha kuzuia maji kurudi kisitegemewe peke yake, sababu konokono mdogo anatosha kukizuia kisifunge.

Tiyo ya kushukia nayo inaweza kuziba. Wekeni ya pili ya dharura, na sehemu ya pompi iwe ndogo: ikiwa na lita 40 tu, maji ya juu yatapanda sentimita 2, basi.

Saa za giza

Tangi la chini likikaa masaa mengi bila maji kutembea, bakteria wanakosa hewa na wanaanza kufa. Pompi ya wati 60 inakula wati-saa 360 kwa masaa 6. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 100, pamoja na konvertisa, inaweza kuibeba bila kuishiwa. Asiye na uwezo huo atafute pompi ndogo ya hewa ya bateri.

Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, sawa vile frontosa mwenye nundu ya paji, jambo ni kali zaidi. Maji yao yana pH karibu 9, na katika maji ya namna hiyo amonia inaua haraka. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Lubumbashi inahitaji pia kifaa cha kupasha maji, kikae sehemu ambayo maji hayapungui.

Maji mapya ya REGIDESO yaondolewe klorini kwanza, kwani inaua bakteria pia.

Kabla ya kutia samaki, jazeni maji, mchomoe pompi kwenye prizi, kisha msubiri. Tangi la chini lisipofurika mchana mkiliangalia, usiku mtalala.