Tarehe ya Njia ya Chai na Farasi, Kutoka Yunnan na Ya'an Hadi Lhasa

Watu wa Tibet, ambao makao yao ni juu ya uwanda usio na mfano wake duniani kwa urefu, zamani hawakuwa na shamba la chai hata moja la kutajwa, kwa kuwa baridi na ukame wa nchi yao havikuuruhusu mti huo kumea. Na juu ya hayo, kwa karne nyingi, hapakuwa na kinywaji walichokihitaji kuliko chai, wao ambao chakula chao kilikuwa nyama, siagi na unga wa shayiri iliyokaangwa, na mboga ya majani kwao ilikuwa adimu. Wafalme wa Uchina, kwa upande wao, walikuwa na chai tele katika vilima vya Sichuan na Yunnan, lakini hawakuwa na farasi wa vita wa kutosha, maana nchi ya mashamba haiachi malisho, na farasi aliyefugwa mabondeni hakuweza kushindana na farasi wa maadui waliowakabili kutoka kaskazini. Kutokana na mahitaji mawili haya, kila moja likiwa mikononi mwa mwenzake, ndipo ilipozaliwa njia tunayoisimulia, ambayo Wachina wa leo huiita Njia ya Kale ya Chai na Farasi.

Imepokewa kwamba aliyeipeleka chai Tibet kwa mara ya kwanza ni binti wa kifalme Wencheng, aliyeozwa kwa mfalme Songtsen Gampo mwaka 641. Habari hii hupendwa sana na wasimulizi, kama zipendwavyo habari zote za mabibi arusi waliobeba neema katika masanduku yao. Lakini biashara haianzi kwa harusi, na jambo lililo thabiti ni kwamba mwaka 1074, katika zama za nasaba ya Song, serikali iliweka huko Sichuan diwani maalumu ya kununua chai kwa wakulima na kuibadilisha kwa farasi. Maadui wa Song walikuwa dola ya Liao na dola ya Xia ya Magharibi, nao walikuwa wameyatwaa au kuyafunga malisho mema ya kaskazini. Kwa hiyo farasi wa Tibet akawa silaha, na chai ikawa thamani yake. Tangu siku hiyo jani la chai likaingia katika siasa, likahesabiwa na makarani, likalindwa na askari, na mkulima aliyelipanda akakatazwa kuliuza apendapo.

Nasaba ya Ming ilizidi kwa ukali. Serikali ilijua kwamba kila furushi la chai livukalo mpaka kwa magendo hushusha thamani ya chai ya dola mbele ya farasi, na kwa sababu hiyo ikaweka adhabu ya kifo kwa wavukishaji. Mwaka 1397 sheria hiyo ilimfikia mtu asiyedhaniwa: Ouyang Lun, mkwe wa mfalme Hongwu mwenyewe, mume wa binti wa kifalme Anqing, ambaye alitumia jaha yake kupitisha magari ya chai bila ruhusa, na watumishi wake wakawa wakiwaonea maofisa wa njiani, mpaka habari ikamfikia mfalme, naye akaamuru auawe. Watawala wengi wameandika sheria kali za biashara, lakini ni wachache waliozitimiza ndani ya nyumba zao. Hata hivyo magendo hayakukoma, wala hayangeweza kukoma, madhali bei ilikuwa tofauti pande mbili za mlima.

Ama njia yenyewe, haikuwa moja. Zilikuwa njia nyingi, na mbili ndizo zilizokuwa kubwa. Ya kwanza ilitoka katika misitu ya chai ya kusini ya Yunnan, ikapita Pu'er, Dali na Lijiang, ikapanda kwenda Zhongdian na Deqin, kisha ikaingia Tibet kwa Markam na Chamdo mpaka Lhasa, na kutoka hapo misafara mingine iliendelea hadi India. Ya pili ilitoka Ya'an katika Sichuan, ikavuka mlima Erlang na mto Dadu, ikafika Kangding, ambayo Watibeti huiita Dartsedo, na kutoka huko ikaelekea magharibi. Njiani yalikuwako mapito ya milima yapitayo mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi huwa haba kwa mtu na kwa mnyama, na mito mikubwa ya Jinsha, Mekong na Salween, ambayo mahali pengine ilivukwa kwa kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo, msafiri na baghala wake wakining'inizwa na kutelezeshwa juu ya maji yaendayo kasi. Katika bonde la Mekong, mahali paitwapo Yanjing, wenyeji huchota maji ya chumvi visimani na kuyaanika juu ya madaraja ya udongo kandokando ya mto, na chumvi hiyo nayo ilipakiwa pamoja na chai.

Lakini kutoka Ya'an mpaka Kangding chai haikubebwa na wanyama, bali na migongo ya watu, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa waandishi wengi hupenda kuwataja farasi na kengele zao, wakawapita wapagazi kana kwamba hawakuwako. Chai ya Ya'an ilishindiliwa ikawa matofali, matofali yakafungwa katika vikapu virefu vyembamba vya mianzi, na vikapu vikapangwa kimoja juu ya kingine mgongoni mwa mpagazi mpaka vikapita kichwa chake. Mwaka 1908 Ernest Henry Wilson, mkusanyaji wa mimea kutoka Uingereza, aliwapiga picha wawili miongoni mwao, akaandika uzito wa mizigo yao: pauni 317 kwa mmoja na pauni 298 kwa mwingine, yaani kilo 144 na kilo 135, naye akasema kwamba huenda mwendo wa maili 6 hivi kwa siku katika njia mbaya mno. Walikuwamo wanaume, na walikuwamo wanawake pia. Ujira ulikuwa kwa uzito, na kwa hiyo aliyekuwa na watoto wengi nyumbani ndiye aliyejitwisha zaidi.

Mpagazi wa namna hii hakuweza kuutua mzigo wake njiani, maana akiutua hakuwa na wa kumtwisha tena. Alikuwa na mkongojo mfupi wenye kichwa cha kukingama na ncha ya chuma, na kila baada ya hatua kadha wa kadha aliusimamisha nyuma yake, akauegemeza mzigo juu yake, akapumua akiwa wima, akajikwangua jasho usoni kwa kipande cha mwanzi kilichopindwa. Kwa kuwa walipumzika mahali pale pale walipopumzika baba zao, ncha za mikongojo zilitoboa mawe; na mashimo hayo yangali yakionekana leo katika baadhi ya vipande vya njia ya zamani, nami nayahesabu kuwa maandishi ya kweli zaidi ya tarehe hii kuliko nguzo za mawe zenye majina ya wafalme.

Nguzo ya mfalme haikosekani, hata hivyo. Mto Dadu ulikuwa ukivukwa kwa mashua na kwa kamba, hata mfalme Kangxi akaamuru lijengwe daraja la minyororo huko Luding, likaanza mwaka 1705 na kumalizika mwaka 1706, minyororo 13 ya chuma, urefu wake wapata mita 100, mbao zikitandikwa juu ya tisa na nne zikiwa mikono ya kushikilia. Dunia hulijua daraja hilo kwa sababu ya vita vya mwaka 1935, Jeshi Jekundu lilipolivuka chini ya risasi; wapagazi wa chai walikuwa wamekwisha kulivuka kwa zaidi ya miaka 200 pasipo kuimbwa na mtu.

Kangding ulikuwa mji wa madalali. Wachina walioleta chai hawakujua Kitibeti, na Watibeti walioleta sufu, ngozi, miski na dawa za mitishamba hawakujua Kichina, wala hapakuwa na imani baina yao. Basi zikasimama nyumba za wageni, ambazo mapokeo huzihesabu kuwa 48, zenye nyua kubwa za kufungia wanyama na maghala ya kuwekea mali. Mfanyabiashara wa Tibet akifikia katika nyumba hiyo hakutozwa kodi ya kulala. Mwenye nyumba alimtafutia mnunuzi, akamtafsiria, akamdhamini, kisha akachukua ujira wake katika bei. Na wengi waliosimamia nyumba hizi walikuwa wanawake, mabibi wajuao lugha mbili na hesabu za pande mbili, ambao neno lao lilitosha mahali pa hati. Hapo ndipo chai ilipovuliwa mianzi yake na kushonewa upya ndani ya ngozi mbichi za ng'ombe, manyoya yakielekezwa ndani, ili ngozi ikikauka iukamate mzigo kama kiganja na uweze kustahimili mvua, theluji na migongano ya ng'ombe wa manyoya, yaani yaki, waliopokea safari kutoka hapo.

Njia ya Yunnan ilikuwa na desturi nyingine. Huko baghala ndiye aliyetawala, na msafara ulikwenda chini ya kiongozi ambaye alikuwa tajiri, hakimu na tabibu wa wanyama kwa wakati mmoja. Baghala wa mbele alipambwa vishada vyekundu, kengele na kioo cha paji la uso, ili misafara miwili isikutane ghafula katika ukingo usioruhusu kupishana. Miongoni mwa viongozi hao walikuwa Waislamu wengi wa kabila la Hui, na asili ya nguvu yao katika Yunnan ni ya zamani: mwaka 1274 Kublai Khan alimpa nchi hiyo Sayyid Ajall Shamsuddin Umar, mtu wa Bukhara, naye akaitawala mpaka alipofariki mwaka 1279. Katika Waislamu hao wa Yunnan alizaliwa, karibu na mwaka 1371, Zheng He, mtoto wa baba aliyekwisha hiji Makka, ambaye baadaye aliongoza merikebu za Ming zilizofika pwani yetu, na ambaye enzi yake ndiyo ya yule twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415. Kwa hiyo amiri wa bahari ambaye jina lake limefungamana na Malindi alitoka katika jimbo la wasafirishaji wa milimani, lisilo na pwani.

Jamaa hiyo ilipata msiba mkubwa katika karne ya 19. Kuanzia mwaka 1856 Du Wenxiu aliongoza uasi wa Waislamu dhidi ya nasaba ya Qing, akasimamisha dola yake Dali, mji uliokuwa kiungo cha njia; na Dali ilipoanguka, kuelekea mwisho wa vita hivyo, mauaji yalikuwa makubwa, na walionusurika wengi wakakimbilia Burma pamoja na mabaghala wao, wakaendelea na kazi ile ile ng'ambo ya mpaka. Waliobaki hawakuiacha pia. Katika kijiji cha Donglianhua, wilaya ya Weishan, kusini ya Dali, zingali zikisimama nyumba kubwa za ukoo wa Ma, viongozi wa misafara, pamoja na msikiti wao, na mtu apitaye huweza kuona kwa macho yake jinsi faida ya chai ilivyogeuka kuta na nakshi.

Chai yenyewe ilibadilishwa na safari. Chai ya Pu'er ilishindiliwa ikawa maandazi ya mviringo, na hata leo la kawaida lina gramu 357, na saba hufungwa pamoja katika ganda la mwanzi, kwani hesabu hiyo humrahisishia mpakiaji na mtoza ushuru pia. Katika miezi ya njiani, joto na unyevu wa mabonde viliichachua polepole, rangi yake ikawa nyeusi na uchungu wake ukapoa, mpaka wanywaji wakaipenda hivyo na kuikataa mbichi. Usafiri ulipokuwa mwepesi, ladha hiyo ikakosa pa kupatikania. Ndipo mwaka 1973 mafundi wa kiwanda cha Kunming wakabuni njia ya kuyarundika majani na kuyanyunyizia maji ili yachachuke kwa majuma badala ya miaka.

Mwisho wa misafara ulikuja baada ya fahari yake ya mwisho. Mwaka 1942 Wajapani waliifunga barabara ya Burma, na Uchina, iliyokuwa imezingirwa, ikaikumbuka tena njia ya mabaghala: bidhaa zikapanda kutoka Kalimpong, katika India, kwenda Lhasa, na kutoka Lhasa kushuka Lijiang. Peter Goullart, Mrusi aliyeishi Lijiang miaka hiyo, alikisia kwamba katika kazi hiyo walitumika baghala na farasi 8,000 na yaki wapatao 20,000. Kisha, Desemba 1954, barabara za magari kutoka Sichuan na Qinghai zikafunguliwa mpaka Lhasa, na biashara ya karne nyingi ikavunjika kwa muda mfupi. Pembeni tu ilidumu: katika bonde la mto Dulong, kaskazini-magharibi ya Yunnan, watu waliendelea kuletewa nafaka na chumvi kwa migongo ya mabaghala mpaka barabara ilipowafikia mwaka 1999.

Hata jina la njia ni jipya. Mwaka 1990 wanazuoni sita, Mu Jihong akiwa mmoja wao, waliitembea kwa miguu sehemu kubwa yake, wakaipa jina hilo ambalo sasa limeandikwa katika kila duka la Lijiang. Mji huo, ulioharibiwa na zilzala ya mwaka 1996, uliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na tangu hapo umejaa wageni kiasi cha kuwafanya wengi wa wenyeji Wanaxi wapangishe nyumba zao na kuhamia nje. Mimi naona soko dogo la Shaxi, katika njia hiyo hiyo ya Yunnan, lililotengenezwa upya kwa subira pamoja na wataalamu wa Uswisi, limetunzwa kwa heshima zaidi. Na Septemba 2023 misitu ya chai ya mlima Jingmai, ambako watu wa Blang na Dai hulea miti ya chai chini ya kivuli cha miti mikubwa, ikaandikwa katika orodha hiyo hiyo.

Walakini biashara haikufa. Iliyokufa ni safari. Asubuhi katika nyumba ya Kitibeti chai hupikwa mpaka iwe nyeusi, ikamiminwa katika kinu kirefu cha mbao pamoja na siagi na chumvi, ikasukwasukwa, ikanywewa bakuli baada ya bakuli, na kinachobaki hukandiwa unga wa shayiri kwa vidole. Na kama siku hizi kinu hicho katika miji kimeanza kupisha mashine ya umeme, chai iliyomo ndani yake mara nyingi bado hutoka Ya'an. Viwanda vya mji huo vingali vikishindilia matofali kwa ajili ya soko la Tibet, na ufundi wake umewekwa tangu mwaka 2008 katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Matofali hayo hupakiwa katika malori, nayo tangu mwisho wa mwaka 2018 huweza kupita barabara kuu iliyotoboa milima, na kufika Kangding kwa saa chache, mwendo ambao mpagazi aliufanya kwa majuma mawili au matatu, akilipwa kwa uzito.